Fremu ya Zambarau na Trei ya Mayai

Nyeee-kwi. Nyeee-kwi. Nyeee-kwi.

Hiyo sauti bado iko masikioni. Nimeoga, nimebadilisha nguo, nimefunga mlango, na bado naisikia. Ni kama kuku anayetangazia majirani kwamba ametaga. Laiti ningeielewa mapema!

Rose na Mercy, nyinyi mlioko nyumbani mkidhani sisi wa Nairobi tumeendelea: leo nimeaibika mpaka mbwa akafaidi. Kama mnasoma haya mkiwa mmekaa, simameni kwanza. Kukaa ndiko kulikonimaliza.

Mnajua kazi yangu ni mayai. Mama Njeri wa Kawangware, yule mwenye ploti pale mtaa wa Kongo, anafuga kuku wa gredi, wale wa kisasa, nyuma ya nyumba za wapangaji wake. Mimi huyachukua mayai kwake nikayaleta vibandani huku Kianda, Kibera. Nilikuwa nikitumia Blaki Mamba ya mjomba, na ile baiskeli, jamani, haina huruma. Ukiingia shimo, yeye anakupigia hodi mpaka kwenye meno. Sikumbuki siku niliyofika Kianda na mayai yote mazima. Halafu juma lililopita fremu yake ikakatika katikati kama muwa, kwa mshindo, mimi nikiwa juu. (Niliangukia kabichi za mtu. Hicho ni kisa kingine na nimeshaomba msamaha.)

Mama Njeri akaniita.

"Adhiambo, wewe nakupenda. Lakini kuku wangu hawatagi ndio barabara ikule. Tafuta baiskeli ingine. Jumamosi nitakupatia trei moja tu. Ikifika Kianda nzima, hii kazi ni yako. Ikivunjika, mayai yataenda na mkokoteni wa Kamau, na tusilaumiane."

Nikasema sawa, mama. Nikikosa mayai narudi kufulia watu nguo Lavington, na vidole vyangu mnavijua, vikionja sabuni ya unga vinamenyeka kama viazi. Tena ile ndoto yangu ya kibanda cha rangi ya bluu, chenye picha ya kuku aliyevaa miwani, ingekufa bila hata kuzaliwa. Kwa hivyo leo Jumamosi haikuwa mchezo. Leo nilikuwa naenda kuchagua fremu, na fremu ilikuwa maisha yangu.

Nikafika kwa Fundi Wekesa, pale Kongo, asubuhi. Fundi Wekesa ni mtu wa furaha kupita kiasi. Anatengeneza baiskeli za mitumba zinazokuja na makontena, na fremu anazitundika kwenye ukuta wa mabati kama mbuzi wa buchari. Unasimama mbele yake unaambiwa uchague paja.

"Siste! Chagua fremu kwanza," akasema. "Fremu ndiyo mifupa. Magurudumu, pedo, cheni, hizo ni nyama. Tutachangachanga tu."

Zilikuwepo tatu. Ya kwanza nyeusi, ndugu ya Blaki Mamba. Nikaipita bila kuisalimu. Ya pili ya kijani, ina springi kwenye miguu ya mbele tu, na nyuma ina vitundu vya kufungia keria ya mizigo. Heshima tupu, baiskeli ya katekista. Ya tatu...

Wasichana, ya tatu!

Rangi ya zambarau, na radi ya manjano imepita ubavuni. Springi mbele. Springi nyuma, nene kama mkono wangu, chini ya siti. Fremu yenyewe imejikunja kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Hiyo inaitwa fulu saspensheni," Fundi akasema, akishusha sauti kama anayetaja jina la mkwe. "Wazungu wanashuka nayo mlima."

"Wanashukia nini?"

"Hata mimi sijui. Bonyeza."

Mnajua Mama Njeri anavyochagua kuku? Anambonyeza kifuani kwa vidole, kisha anamwangalia machoni. Mimi nami nikaibonyeza hivyo hivyo. Nyeee-kwi. Ikashuka polepole, ikapanda polepole. Moyo wangu nao ukashuka ukapanda.

Sasa, Kongo hakuna mtu anayenunua kitu peke yake. Kabla sijainua mkono, kamati ilikuwa imefika. Mama wa mahindi ya kuchoma aliacha moto wake. Kinyozi alitoka na kitana mkononi, mteja wake akatoka nyuma yake, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Chukua ya kijani," akasema mama wa mahindi. "Hii ingine imepindika, itakupindua."

"Ya kijani ni ya wazee," akasema kinyozi. "Msichana mrembo na kali-kiti yake ataendesha aje kitu ya wazee?"

(Nywele nilikuwa nimezitengeneza jana. Kumbukeni hilo, na muone jinsi mtu anavyojipamba kwenda kuaibika.)

"Ya kijani iko na mahali ya keria," akasema yule wa nusu kichwa. "Hii haina."

Wote tukainama kuitazama. Ni kweli. Fremu ya zambarau haikuwa na hata kitundu kimoja cha keria. Na baiskeli bila keria ni nini? Ni kama jiko bila sufuria.

Hapo ndipo nilipofikiri kwa akili yangu mwenyewe. Naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu niliyasema mbele ya watu na watu wakanipigia makofi. Nilisema: "Mayai yanakaa wapi? Nyuma. Springi ya kijani iko wapi? Mbele. Kwa hivyo ya kijani itabembeleza mikono yangu, mayai yateseke. Ya zambarau iko na springi nyuma. Springi ya nyuma ni ya mayai."

"Aaah!" kamati ikasema.

"Huyu angesoma angekuwa wakili," kinyozi akasema.

Nikavimba, wasichana. Nikavimba kama mandazi.

Fundi Wekesa akakuna kichwa kuhusu keria, lakini yeye si mtu wa kushindwa. Akatoa keria ya ile Mamba ya mjomba, niliyomwachia ikiwa imekufa. Miguu yake akaifunga kwenye ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, kwa nati na kwa blada, zile kamba za tyubu tunazofungia kila kitu. Akavuta, akapiga kofi. Imara kabisa. Magurudumu yakaingia, cheni ikaingia. Nikapanda kujaribu.

"Siti iko juu," nikasema. "Nataka miguu yote iguse chini."

Akaishusha.

"Shusha tena."

"Siste, utaendesha kama umechuchumaa."

"Shusha, Fundi. Nikianguka leo nimekwisha."

Akaishusha mpaka mwisho. (Hapo mngekuwepo mngenizuia. Mlikuwa wapi?)

Mama Njeri akatoka kwenye geti lake na trei, akiibeba kama mtoto wa kubatizwa. Fundi akaifunika kwa gazeti, akaifunga kwa blada juu ya keria, akapitisha kiganja katikati ya trei na siti. "Ona, hata mkono unapita. Hakuna kugusana."

Mama Njeri akaitazama ile springi, akanitazama mimi, akatazama sketi yangu nyeupe ya marinda. "Hii kitu iko na makelele, Adhiambo."

"Itanyamaza, mama. Ni upya."

"Mimi natangulia na gari. Utanikuta Kianda, kwa kibanda ya Mama Ochi."

Nikapanda. Ile sketi, ili isiingie kwenye cheni, nikaitandaza nyuma vizuri juu ya trei, pande zote, kama bibi harusi. Nikasikia baiskeli ikishuka chini yangu, nyeee, ikatulia. Laini! Kamati ikanisukuma mabega. Nikaenda.

Jamani, mnajua raha? Mimi sikuwa naijua. Barabara ya Kawangware, ile yenye mashimo unayoyafahamu kwa majina, nilipita juu yake kama nimekalia wingu. Shimo: nyeee-kwi. Jiwe: nyeee-kwi. Mtaro: nyeee-kwi, kwi. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nikaanza kuimba pambio la kanisani, na baiskeli inaniitikia.

Tena jambo la ajabu. Kadiri nilivyoenda, ndivyo ilivyozidi kuwa laini. Mwanzoni nilisikia kitu kigumu kidogo nyuma ya siti kila inaposhuka. Nikasema moyoni, hiyo ni springi, bado hatujazoeana. Baadaye ule ugumu ukapotea. Nikafika Ngong Road nimekaa kama kwenye mto wa pamba. Nikasema, eee, tumezoeana.

Na joto la leo! Nilikuwa nimelowa huko nyuma. Jasho, nikasema. Mtu akifanya kazi lazima atoe jasho.

Baada ya kuvuka Ngong Road, akaja mbwa. Mbwa wa rangi ya vumbi, amekonda, akaanza kunifuata taratibu, pua karibu na gurudumu. Wengine wangemfukuza. Mimi nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Twende tu, rafiki. Hata wewe umeona maendeleo." Akatikisa mkia. Nilidhani ananipenda.

Nikaingia upande wa Jamhuri. Hapo watu wakaanza kunipungia. Waashi watatu juu ya jukwaa la nyumba wakasimamisha kazi.

"Dada! Dada! Mayai!"

"Ndio, mayai!" nikawaitikia. "Ya gredi! Jumatatu nitawaletea!"

Wakashikana mabega. Mmoja akakaa chini kabisa. Nikafikiri, wateja wapya hao, tena wana njaa.

Mbele kidogo mama mmoja mwenye ndoo kichwani akasema kwa Kijaluo, "Nyathina, mwanangu, angalia nyuma!" Lakini nani asiyejua kwamba ukiwa kwenye baiskeli ukiangalia nyuma unaanguka? Nikampungia mkono. Nikainua shingo. Kali-kiti ikang'aa juani. Nikapita mtaa wa Olympic kama mke wa waziri anayefungua soko, mbwa wangu nyuma, na sasa walikuwa wawili.

Kwa Mama Ochi, pale Kianda, watu walikuwa wamejaa. Mama Ochi ana kibanda cha mkate, sukari, mafuta ya taa na maneno. Alikuwa amewaambia wateja wote kwamba leo kuna mtihani, kwa hivyo hakuna aliyeenda nyumbani. Mama Njeri alikuwa amekalia kreti ya soda, mkoba mapajani, ameniangalia tangu nikiwa mbali.

Nikafunga breki mbele yao. Na hapa ndipo ningeshuka kimya kama mtu mwenye adabu. Lakini mimi ni Adhiambo. Nilikaa papo hapo juu ya siti, mguu mmoja chini, nikatoa hotuba.

"Mama Njeri, na nyinyi wote. Mlisema msichana hawezi. Mlisema springi ni za wazungu. Nimetoka Kongo mpaka hapa, nimesikiza njia nzima, na sijasikia hata yai moja likisema kra! Hakuna hata moja!"

Watu wakapiga makofi. Mama Ochi akapiga kigelegele. Nami nikainuka kwa madaha ili waione trei.

Trei ikainuka nami.

Sijui niwaeleze vipi. Nilisimama, na kitu nyuma yangu kikasema shhhlup, na gazeti likaja na sketi, na upande mmoja wa trei ukaja na gazeti. Ukaning'inia. Kisha ukaachia na kuanguka. Nikasikia kitu cha baridi kikishuka nyuma ya goti, polepole, kikaingia kwenye kiatu.

Mama Ochi akakatiza kigelegele katikati.

Nikageuka ili nione kilichoanguka. Kosa kubwa. Kugeuka kwangu ndiko kulikowapa wote mgongo. Kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni nilikuwa njano. Njano na maganda. Marinda yamegandana kama chapati.

Mama Njeri akasimama taratibu kutoka kwenye kreti.

"Adhiambo," akasema. "Haya mayai uliyabeba, ama uliyaatamia?"

Yawa! Kianda ikapasuka. Mama Ochi alishika mlango wa kibanda ili asianguke. Mtu akauliza, "Vifaranga wako wapi?" Mwingine akasema, "Muulizeni jogoo ni nani!" Mzee mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa alicheka mpaka akaiweka chupa chini na kuondoka bila hiyo chupa. Na mbwa wangu mpendwa, rafiki wa maendeleo, akaja akaanza kunilamba nyuma ya goti mbele ya watu wote. Wa pili akaenda moja kwa moja kwenye kiatu.

Mimi nilitaka kucheka nao. Kwa kweli nilijaribu. Lakini nikaona lile gazeti chini, nikafikiria wale kuku wa Mama Njeri walivyojikaza, na mkokoteni wa Kamau, na kile kibanda changu cha bluu, na machozi yakatoka yenyewe.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Niliambiwa springi ni ya mayai."

"Nani alikuambia?"

(Ikabidi niseme ukweli.) "Mimi."

Mama Njeri akanitazama. Hakuwa anacheka. Akakunja mikono.

"Panda tena."

"Mama?"

"Panda, nataka kuona."

Nikapanda, nikiwa nimelowa. Akachutama pale mavumbini na nguo yake ya Jumamosi, akainua marinda yangu kwa vidole viwili, akatazama kati ya siti na keria.

"Ruka kidogo."

Nyeee-kwi.

"Tena."

Nyeee-kwi. Nikajihisi mwenyewe nikishuka na kukaa pale pale trei ilipokuwa.

"Haiya!" Mama Njeri akasema. "Ngai! Kumbe hii springi ni yako peke yako! Wewe unapanda unashuka kama malkia. Keria imefungwa na gurudumu, haina springi yoyote. Kila shimo mayai inapigwa na barabara kutoka chini, na wewe unaimalizia kutoka juu!"

Hapo ndipo kicheko kilipomshika na yeye. Kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, akakaa chini kabisa mavumbini, akanivuta mkono, nikakaa naye. Tukacheka mpaka tukalia, na tulipomaliza kulia Mama Ochi alikuwa ameshachota yale yaliyopasuka bila kumwagika, yale ya upande wa mbali na mimi, akayakaanga na vitunguu kwenye karai. Watu wakala. Mimi nilikula nimesimama.

Nikangoja hukumu. Nilijua inakuja. Mama Njeri alifuta macho kwa kitambaa, akamwaga vitu vya mkoba wake kwenye kreti, akaona mkoba ni mdogo kwa trei, kisha akamwomba Mama Ochi kiondo, kikapu kikubwa cha kufuma kilichotundikwa kibandani. Akanivisha mgongoni, mkanda wake juu ya paji la uso.

"Nyinyi watu wa ziwa mnabeba kichwani. Sisi tunabeba hapa," akasema, akinigonga kwenye paji. "Kama springi ni yako, basi mayai ikae kwako. Toa hiyo keria. Inama kwa baiskeli, kiondo ilale mgongoni. Jumatatu nitakupatia trei ya mwisho. Ya mwisho, Adhiambo. Na usiegemee ukuta."

"Na Kamau, mama?"

"Kamau angoje. Mkokoteni haijawahi kunichekesha."

Nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani kwa miguu. Kutoka Kianda hadi chumbani kwangu ni karibu, lakini leo kila mlango ulikuwa wazi na kila mtu alikuwa na neno. "Adhis, umetotoa?" "Adhis, njoo ukalie na yangu!" Hata wasionijua walijua.

Nilipokuwa nafua ile sketi ndipo nilipoisafisha ile trei niliyorudi nayo. Kwenye kona ya mwisho kabisa, mbali na makalio yangu kadiri ilivyowezekana, chini ya maganda, kulikuwa na yai moja. Zima. Halina hata ufa. Nililishika mkononi, nikalipulizia vumbi. Nikaliambia pole.

Kisha, kabla jua halijazama, wakati watu wote wameenda kuchota maji, nilichukua spana na kuing'oa keria mwenyewe. Nikalifunga lile yai kwenye kanga, nikalitia kwenye kiondo, nikajivisha. Nikaenda na ile fremu yangu ya zambarau mpaka kwenye uwanja ulio karibu na Olympic, pale penye mawe mengi, nikauzunguka polepole. Nyeee-kwi. Nyeee-kwi. Hakuna aliyeniona. Niliporudi nililifungua nikiwa nimefumba jicho moja.

Zima!

Kwa hivyo msinicheke mpaka Jumatatu ipite. Na yai nimeliweka juu kabisa ya kabati, mbali na kitu chochote ninachoweza kukalia.